Nimeshakukubalia

Mwenye duka la intaneti hakumwachia mteja yeyote kubonyeza "Nakubali". Kila ukurasa ulipoomba ruhusa ya kukukumbuka wewe na unayotafuta, kidole chake kirefu, kikavu, kilipita juu ya bega lako kikabonyeza. "Nimeshakukubalia, dada," alinong'ona, kama anayembembeleza mtoto alale. Wiki iliyopita mshonaji mmoja alitafuta pale jambo ambalo hata mumewe hakulijua, akafuta kila kitu. Leo alikaa kwenye mashine nyingine. "Kaka, leo bonyeza Kataa." Kidole kikapapasa kioo, kimepotea njia. Mara ukurasa ukajaa vitanda vya watoto wachanga. "Hongera, dada," ilisema sauti ileile ya kubembeleza. "Shemeji alikaa hapo hapo asubuhi, vikamtokea naye. Alivitazama sana."