Mdomo wa Mama na Sauti Yake

Mimi ni fundi wa video mjini Kisii, na watu wa ukoo wetu hunilipa kwa ndizi. Kwaya ya mama kule Ikonge ilipoimba siku ya Sabato, niliirekodi kwa simu, nikaihariri, nikawatumia kwenye kikundi chao. Nikajiona nimemaliza kazi.

Jumatatu mama akanipigia. Mzee wa kanisa alikuwa ameitazama video. Ubeti wa kwanza ulikuwa sawa. Kufikia wa tatu, mama, ambaye ndiye huongoza wimbo, alionekana amefunga mdomo kabisa huku sauti yake ikiendelea. Mzee akaamua kwamba mama alikuwa anafuatisha sauti ya mtu mwingine iliyorekodiwa. Hataongoza tena mpaka ajieleze.

"Nijieleze nini?" mama akaniuliza. "Mdomo ni wangu, sauti ni yangu. Wewe ndiye umevitenganisha."

Alisema kweli, na iliniuma. Simu haipigi picha kwa mwendo mmoja. Penye mwanga hupiga thelathini kwa sekunde, penye giza hupunguza, na kanisa lile lina madirisha madogo. Programu yangu ilihesabu kana kwamba ni thelathini kila sekunde, picha zikakimbia, sauti ikabaki nyuma. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza husawazisha mwendo kabla ya kuhariri. Mimi nilikuwa na njaa, nikairuka hatua hiyo.

Nikabadilisha faili, kila sekunde ikapata picha thelathini kamili, nikaenda nayo Ikonge. Mama hakunikaribisha chai, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Tukatazama. Mdomo na sauti vilikwenda pamoja. Tukafika ubeti wa tatu, mahali ambapo sauti inakwama kidogo. Nilikuwa nimeisikia mara nyingi mezani kwangu nikadhani ni kikohozi, kwa sababu uso niliokuwa nikiuona hapo ulikuwa umetulia. Sasa niliona uso wenyewe wa wakati ule. Mama alikuwa analia.

"Hapo ndipo marehemu baba yako alikuwa anaingia na besi," akasema.

Nilijionea aibu. Nikamwambia naweza kuifunika sehemu hiyo kwa picha ya maua ya madhabahuni.

"Halafu mzee aseme maua ndiyo yameimba?" Akanirudishia simu. "Wapelekee hivyo hivyo. Ameniita mwongo mbele ya kwaya. Basi na anione nikilia mbele yao."