Samaki Aliowagawa Awasi

Habari za kifo chake zilinifikia kwa kinyozi, nusu ya kidevu ikiwa imenyolewa na nusu bado. Aliyepiga simu alikuwa binti yake. “Mwandishi, Mama ametuacha jana. Ni presha.” Nikasema pole, nikaulizia mazishi, kisha nikajikuta sijui nihuzunike vipi. Hatukuwa marafiki hasa. Alikuwa mama wa samaki niliyekuwa nikinunua ngege, wale perege wa ziwani, kwake hapa Kisumu kila Jumamosi, na mimi nilikuwa mteja mwenye maneno mengi aliyejifanya bingwa wa kuandika barua. Barua moja tu niliwahi kumwandikia. Mpaka leo sijui kama nilimsaidia au nilimmaliza, na hilo limeninyima hata usingizi wangu wa mchana.

Miaka michache iliyopita alikuwa na pikapu yake mwenyewe, aliyoipata baada ya kubeba beseni kichwani karibu nusu ya umri wake. Alfajiri moja alinunua samaki ufuoni Asembo Bay, akawapanga kwenye masanduku ya barafu, akashika njia ya Kericho. Pale sokoni Awasi alisimama kupisha ng'ombe, na lori lililokuwa nyuma yake halikusimama. Pikapu ikaishia mtaroni, masanduku yakapasuka, samaki wakatapakaa barabarani. Yeye alibanwa mguu ndani. Watu wa soko wakaja mbio, wakauvuta mlango kwa mikono mpaka ukaachia, wakamtoa. Sasa sikilizeni alichofanya mwanamke huyu. Ameketi kando ya barabara, mguu umefura, akaanza kuwagawia watu samaki, mpaka wakaisha. Siku nilipomuuliza kwa nini, alinishangaa. “Si walinivuta? Kwetu mtu akikusaidia kuvuta boti, hawezi rudi nyumbani mkono mtupu. Na hiyo samaki, si jua ingemaliza tu?” Ni kweli, ndiyo desturi ya ufuoni: anayeshika kamba boti ikiingia hupewa samaki wa mboga ya jioni, hata kama humjui jina. Yeye aliichukua desturi hiyo, akaitumia juu ya lami.

Polisi waliandika wazi kwamba kosa ni la lori, na dereva hakubisha. Lakini bima ya mama ilikuwa ile ndogo, inayolipia tu watu unaowagonga wewe. Hasara yake mwenyewe haikuigusa. Kampuni iliyolikatia lori bima ilikubali kuitengeneza pikapu. Samaki, masanduku, na zile wiki sita gari lilipokaa gereji huku wateja wa Kericho wakijitafutia mtu mwingine, hayo alitakiwa ayadai mwenyewe, kwa barua na ushahidi. Akaja kwangu. “Wewe andika, Mwandishi. Mimi nikiandika watacheka.” Alitaka jambo moja tu, apate mtaji wa kurudi barabarani kabla wateja hawajamsahau. Nikaandika. Na hapa ndipo aibu yangu ilipo. Nawaambia ninyi kwa kuwa yeye siwezi tena kumwambia. Kile kisa cha kugawa samaki kilinipendeza mno. Nilikiweka katikati ya barua, nikakipamba, nikausifu ukarimu wa watu wa ziwa. Nilipomsomea, alisema, “Hiyo ya kugawa, si uiache?” Nikamwambia ukweli haufichwi. Jibu lilikuja, ukurasa mmoja. Masanduku watalipa. Wiki za gereji hazina kumbukumbu ya mauzo. Ama samaki, mwenyewe aliwatoa zawadi kwa hiari yake, na zawadi si hasara.

Wakili niliyemwonyesha barua ile alitikisa kichwa. Hasara, alisema, ilitokea pale samaki walipomwagika. Walikoishia baadaye ni shauri la mwenyewe. Ningeandika kwa mpangilio huo, na watu wawili watatu wa Awasi wakaeleza walichokiona, mambo yangekuwa mengine. Hata sasa, akasema, mahakama ya madai madogo ipo. Nikamkimbilia mama: twende Awasi tukatafute mashahidi. Akakataa katakata. “Ooyo, Mwandishi. Niende niambie mtu, ile samaki ulikula, sasa kuja uniandikie karatasi? Chakula ikishaingia mdomo ya mtu, haufuati.” Nilimbembeleza, nikakasirika, nikamwita mkaidi. Aliuza pikapu, akarudi kwenye beseni. Jumamosi zote zilizofuata alinichagulia ngege wazuri na hakunilaumu hata mara moja. Angenilaumu ningejua pa kusimama.

Nimechanganyikiwa, nakiri. Wenye bima walitaka waone kitu kimeoza ndipo waamini kimeharibika, na yeye hakuwa mtu wa kuacha chakula kioze mbele ya watu wenye njaa. Kila nikitafuta mbaya katika kisa hiki namkosa, narudi kwenye kalamu yangu. Basi chukueni somo kwa mtu aliyelikosa: ukigongwa na kosa si lako, ile bima ndogo haitakufuta machozi. Piga picha kila kilichomwagika kabla hakijaguswa. Chukua majina na namba za simu za walioona. Tunza risiti, na andika kila siku uliyokaa bila gari ungeuza nini. Na ukiandika barua ya madai, taja hasara kwanza, mapambo waachie watu wa magazeti.

Mazishi ni Jumamosi. Binti yake ananiambia watu wa Awasi, wale waliomvuta siku ile na ambao hawakuacha kumpigia simu kuulizia mguu wake, wamechanga na kukodi gari, wanakuja na sufuria zao kusaidia kupika. Mashahidi tele, na hakuna tena wa kuwaita. Mimi siku yangu ikifika barabarani nitafanya kama nilivyowashauri: nitapiga picha, nitahesabu samaki mmoja mmoja watu wakinitazama, na nitalipwa kila shilingi. Ila sijui kama kuna mtu wa Awasi atakayekodi gari kuja kunizika.