Mnafu Usio na Udongo

Mama yangu alihamia kwangu Soweto, hapa Moshi mjini, na begi moja, rozari, mkongojo wa hospitali, na kanga iliyofungwa fundo kwenye pindo. Lile fundo sikulijali. Wanawake wa umri wake hufunga hela pindoni, na mimi si mtu wa kupekua hela za mzazi wangu.

Alikuwa ameanguka huko kwetu mlimani akavunjika nyonga. Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyerithi kihamba, maana kwa desturi yetu shamba la nyumbani huenda kwa kitinda mimba, lakini biashara zake ziko Himo na mchana kutwa hayupo. Nikasema mama atakaa kwangu, tena nilisema kwa sauti ya mtu asiyetaka kujibiwa. Mimi hasira zangu ziko karibu, ndugu zangu wanalijua hilo.

Nyumba niliyopanga ina uwanja wa sementi kutoka ukuta hadi ukuta. Mwenye nyumba hataki kuona tope hata la kupandia ua. Juu ya sementi hiyo ndipo nilipokuwa na bustani yangu: mabomba meupe yaliyolazwa kwenye vyuma, kila bomba limetobolewa matundu, kila tundu lina mche uliokaa kwenye kikopo cha plastiki. Chini kuna pipa la maji yaliyochanganywa mbolea, na ndani ya pipa kuna pampu ndogo inayosukuma maji juu, yanapita kwenye mizizi, yanarudi pipani. Nilijifunza kwa video za kwenye simu. Nikapanda saladi, nikawa napeleka kwenye majiko ya hoteli, na wapishi wakaipenda kwa sababu haikuwa na hata chembe ya mchanga. Nilikua nikiwa na kucha nyeusi na nyayo nyekundu kwa udongo wa mlimani, nikachekwa nazo shuleni mjini. Kulima bila udongo kulinipa raha ambayo sikumwambia mtu.

Siku ya kwanza mama aliizunguka ile bustani na mkongojo wake, akachungulia tundu moja.

"Hivi vimiche vinashika nini?"

"Havishiki kitu, mama. Vinakunywa tu."

"Vinakunywa," akasema, akanitazama kama nimemwambia uongo mdogo. Kisha akaomba kiti.

Baada ya hapo akaanza kukataa chakula. Nilimpikia mtori, akaonja akarudisha kijiko. Nilimpikia machalari na nyama laini, akala ndizi moja kwa heshima yangu. Daktari alisema mfupa unaunga vizuri, kilichobaki ni ale, asipokula hatainuka tena kwenye kile kiti. Nikawa namwona akipungua, mikono inabaki mishipa, pete ya ndoa anaifunga uzi isidondoke. Niliogopa, na mimi nikiogopa huwa nagomba. Nilimgombeza mama yangu mzazi kwa sababu ya bakuli la uji.

"Ningepata mnafu," akasema siku moja.

Nikaenda sokoni nikanunua fungu zuri la mboga hiyo. Akanusa. "Huu ni wa watu," akasema. Alitaka wa nyumbani, ule uliojiotea wenyewe chini ya migomba nyuma ya jiko, pale aliposimama isale.

Hapo inabidi nieleze. Isale ni mmea wa majani marefu ambao sisi Wachaga tunaupanda mipakani, ili kila mtu ajue shamba lake linaishia wapi. Ukimkosea mtu unamletea jani lake, naye hawezi kukukatalia msamaha. Yule wa nyuma ya jiko letu nilikuwa namfahamu tangu naanza kutembea. Tulikatazwa kucheza pale. Tukiuliza tunaambiwa, "Ni mpaka." Nimekuwa mtu mzima, nimesoma, nimefundisha watoto wa wenzangu, bila kujiuliza ni mpaka gani unaokaa katikati ya shamba.

Mdogo wangu alikwenda kung'oa miche pale pale, akaileta ndani ya kiroba pamoja na bonge la udongo wake. Nikaiosha bombani, mche mmoja mmoja, mpaka mizizi ikawa myeupe. Udongo ni adui wa pampu, ukiingia kidogo tu inaziba. Mama alikuwa kitini akitazama yale maji mekundu yakitiririka kwenye sementi kuelekea mtaroni. Akainuka bila kuomba msaada, akaingia ndani. Nilidhani jua limemchosha.

Mnafu ulistawi kuliko wa mlimani, majani mapana, kijani cha kung'aa. Nikaupika alivyonifundisha mwenyewe, na maziwa kidogo. Akatafuna polepole.

"Hauna mtu," akasema.

"Nini, mama?"

"Mboga hii. Haina mtu ndani yake."

Nikachukulia ni maneno ya uzee. Nilikasirika pia, nisiseme uongo, kwa kuwa nilikuwa nimehangaika.

Kisha pampu ikaanza kuziba. Asubuhi naikuta inalia bila kuvuta, maji ya pipa yamegeuka rangi ya chai, chini kumetuama tope laini jekundu. Nafungua, nasugua kwa mswaki, namwaga lile tope mtaroni, najaza maji upya. Baada ya siku chache, tope tena. Sementi ukuta kwa ukuta, udongo unatoka wapi? Nikawashuku watoto wa jirani, nikaenda kwa mama yao nimejaa upepo.

Jirani yangu ni mama wa Kiislamu, mpika vitumbua, kazaliwa hapa hapa Moshi, baba Mdigo na mama Mpare. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Watoto wangu asubuhi wako chuoni wanasoma Kurani," akasema. "Wewe tazama kwako, jirani. Kikulacho ki nguoni mwako."

Nikaona ananikebehi, nikaondoka bila kuaga.

Siku hizo hizo ndipo nilipoanza kusikia jina langu. Niko jikoni, nasikia mama ananiita kutoka uwanjani, kwa sauti ya chini, sauti ya kumbembeleza mtu atoke alikojificha. Nikitoka mbio, "Abee, mama!" yeye ananyamaza. Ananiangalia kama mgeni aliyeingia bila hodi.

"Umeniita?"

"Sijakuita wewe."

Lakini nilikuwa nimesikia, jina langu lote, tamu kuliko alivyowahi kuniita maishani mwangu. Mwili ukanisisimka. Ikawa kila asubuhi. Nilijua akili yake imeanza kuondoka, nikalia nikikata vitunguu ili nipate sababu.

Jambo moja sikuliunganisha na mengine: alikuwa ameanza kula. Alitaka sahani yake iletwe pale kwenye mabomba, kiti kiguse pipa. Alikula mnafu na ugali, akiniagiza nikamletee chumvi au maji, na nikirudi nakuta sahani imepungua. Shavu likaanza kujaa. Nilimshukuru Mungu na maziwa ya mgando.

Pampu ilipoziba kwa mara nyingine nikasema basi. Nikamwita fundi akaweka mfuniko wa bati na kufuli juu ya pipa. Maji yakabaki safi kama ya chupa. Na mama akaacha kula. Si kupunguza, kuacha. Aligeukia ukuta, midomo imefungwa. Nikamleta katekista, akapokea sala, hakupokea uji. Asubuhi hakuniita tena, na huo ukimya ulinitisha kuliko kuitwa.

Jirani alikuja kumwona mgonjwa na kitumbua cha moto ndani ya kisahani. Alipotoka akanivuta kando ya geti.

"Unikasirikie ukitaka," akasema. "Mimi nilimwona mama yako, geti likiwa wazi, wewe uko hotelini na saladi zako. Anafungua fundo la kanga, anachukua udongo kidogo kwa vidole, anautia kwenye pipa lako. Anaita jina lako. Halafu anatoa jani la mboga kwenye sahani yake, analiweka juu ya maji. Sikutaka kukwambia, ni siri ya mtu mzima. Lakini sasa anakufa."

Nikaingia ndani nikakaa kitandani kwake. Nikamwonyesha ufunguo wa kufuli, nikauweka kiganjani mwake. Hakuushika.

"Mama, huo udongo ni wa nini?"

 Akaongea Kichaga cha zamani, akiutazama ukuta.

Kabla yangu kulikuwa na mwingine. Mtoto wa kike, wa kwanza. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, naye akapewa. Aliugua kifua, akafa kabla padri hajapanda kuja kubatiza. Hakuzikwa kwa sala wala msalaba. Baba akachimba chini ya migomba, akapanda isale, na watu wakaambiana jambo lile lisitajwe tena. Nilipozaliwa mimi, jina la bibi lilikuwa halina mtu, nikapewa.

"Kila siku nilikuwa nampa tonge la kwanza," mama akasema. "Pale pale. Nikala mimi baadaye. Sasa nimekuja huku kwenu kwenye sementi, nile, yeye anapewa na nani? Nilimchukua kidogo pindoni. Nikasema nitamweka kwenye maji, mboga zimnywe, nitakula naye. Wewe ukawa unammwaga."

 Nitasema kweli, niliona wivu. Wivu wa kitoto kabisa, kumwonea mtu ambaye hata meno hakuwahi kuota. Ile sauti tamu ya asubuhi ilikuwa yake. Mimi maisha yangu yote nilikuwa naitika kwa niaba.

"Bado upo?" nikauliza.

Akanionyesha fundo. Lilikuwa kitambaa kitupu.

Nikamwomba jirani akae naye. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, akaniambia, nenda upesi. Nikapanda mlimani hivyo hivyo na kandambili za nyumbani. Mdogo wangu nilimkuta getini anatoka.

"Aisee dada, mbona ghafla? Mama vipi?"

Nikampita. Nikaenda nyuma ya jiko, nikapiga magoti mbele ya yule isale. Alikuwa mrefu kunizidi. Nikakata jani lake moja, nikaliweka chini pale pale, kwa kuwa ndivyo tunavyoomba radhi na sikujua njia nyingine. Kisha nikachota kwa mikono, nikajaza kwenye mfuko wa saladi ulioandikwa kwamba mboga hii haijaguswa na udongo. Mdogo wangu alisimama nyuma yangu akiwa ametoa kofia. Hakuuliza, na nikatambua kwamba hata yeye aliwahi kujiuliza juu ya ule mpaka.

Nilipofika Soweto nikambeba mama mpaka kitini, mwepesi kama kiroba cha makapi. Nikafungua kufuli mbele yake. Akatia mkono kwenye mfuko, akachota, akatawanya juu ya maji. Akaita. Nilikuwa nimesimama karibu kabisa, jina langu likapita pembeni yangu likaingia pipani. Nikaweka jani la mnafu juu ya maji. Nikampa tonge mama, akalipokea mdomoni.

Pampu iliungua siku ile ile. Sikuitengeneza. Tukawa tunamwagilia kwa kikombe, mimi nachota pipani namimina juu ya mabomba, maji mekundu yanarudi yenyewe. Saladi za hoteli zilikufa kwa mbolea iliyoharibika. Mnafu ulikonda, majani yakawa madogo na machungu, vilevile kama wa nyumbani. Mama alikula mpaka alipoweza kutembea hadi geti na kurudi. Alifariki baadaye, kifo cha uzee, amelala, akiwa ameshiba. Hilo nalishikilia.

Mdogo wangu alitaka azikwe mbele ya nyumba, kando ya baba. Nikasema hapana, na safari hii hakubishana. Tulimlaza nyuma ya jiko. Padri alibariki kaburi, na nilimwomba maji ya baraka yafike mpaka chini ya isale. Hakuuliza kwa nini, akarusha mara nyingine.

Nimenunua pampu mpya. Sitii udongo tena, wa kutia alishaondoka. Hata hivyo kila baada ya muda maji yanageuka rangi. Fundi anasema udongo huganda kwenye viwiko vya mabomba, unatoka kidogo kidogo, miaka itapita. Namkubalia. Lile tope silimwagi mtaroni, nalitia kwenye kopo, na nikienda nyumbani nalirudisha.

Juzi asubuhi nilikuwa nachuma mnafu. Geti limefungwa, jirani yuko sokoni na vitumbua vyake. Nikasikia jina langu, kutoka upande wa pipa, kwa ile sauti ya mama, ya chini, ya kubembeleza. Mdomo ulishafunguka kusema abee. Nikaufunga. Si mimi niliyeitwa. Nikachagua jani changa, nikaliweka juu ya maji, nikasimama kimya ili mwenyewe aitike.