Anakula Vibaya

Katika chumba kile cha ushonaji kila kitu kilikuwa kinakula. Gauni lilikula mita tatu, suti ikala nne na ushee kama mwenyewe ana kitambi. Pasi ilikula umeme. Kodi ilikula jasho la watu. Cherehani zilikula uzi mchana kutwa, na ile kongwe ya chuma cheusi iliyokaa dirishani ilikula uzi, ikala sindano, na siku nyingine ikaonja kidole cha mtu. Hiyo walikuwa wameibandika jina, Bi Mkubwa, na tangu ipate jina hawakuisema tena kama kitu. Bi Mkubwa leo ameamka vibaya. Bi Mkubwa amenuna. Mpeni Bi Mkubwa mafuta, koo limemkauka. Mgeni akisikia angedhani ndani mle mna bibi kizee anateswa na wakwe zake.

Basi kila kitu kilikula, isipokuwa Sentimita. Na hiyo ndiyo ikawa kesi.

Sentimita ndiye aliyekuwa mkataji. Jina alipewa kwa sababu macho yake yalipima hata asipotaka. Mtu akipita zake barabarani, yeye angesema polepole, "Bega la kushoto limeshuka, huyo anahitaji pedi," na ukitazama, kweli limeshuka. Meza ya kukatia ilikuwa yake peke yake. Mkasi wake ulining'inia msumarini kwa utepe mwekundu, na ole wako uuguse. Usikatie karatasi, usikatie uzi, na ukithubutu kufungulia nao soda utahama mji. "Mume wangu naweza kukuazima ukapeleke naye mizigo," aliwahi kumwambia mtu. "Mkasi hapana."

Aliyekodi chumba ni Mama Pacha. Alishona suruali tangu pacha wake wakiwa mgongoni, na sasa wana ndevu. Tena ndiye aliyewapikia wenzake chakula cha mchana, kwenye jiko la gesi pale nyuma, na kama Sentimita alivyokuwa na mkasi, Mama Pacha alikuwa na upawa. Hakuna mwingine aliyeushika. Alipakua yeye, na alipakua kwa kipimo cha moyo wake, si kwa kipimo cha tumbo la mlaji. Ukimkosea, sahani inapungua. Ukifiwa, inajaa mpaka inamwagika. Pembeni yake alikaa Wifi, dada wa mumewe, ambaye kazi yake ilikuwa kushona kola na kutia chumvi kila neno la Mama Pacha. Na mlangoni alisimama Mzee wa Pasi, mtu wa kusikia mengi na kusema machache.

Zamani Sentimita alikuwa mlaji hasa. Sahani mbili, na chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Mama Pacha alimpenda kwa hilo. "Huyu ndiye mtu," alikuwa akisema. "Ukimpikia unajiona umepika."

Ghafla sahani ya pili ikakataliwa. Halafu ya kwanza ikaanza kurudi nusu. Chai ikanywewa bila sukari. Wali ukasogezwa pembeni, nyama yenye mafuta ikakwepwa, na mboga za majani zikafagiliwa zote kama ameingia mbuzi.

Ah, walimsema.

"Mwenzetu unafunga?" aliuliza Mama Pacha.

"Tumbo tu, dada."

"Tumbo gani linalokataa wali na kukubali majani?" akadakia Wifi. "Anataka kuwa kama ile sanamu ya kuvalishia nguo pale dirishani. Mwenzio yule ni plastiki."

"Umekonda," alisema Mama Pacha. "Watu watasema nawanyima chakula."

Tumbo lilipochakaa kwa kutumiwa kila siku, Sentimita akahamia kwenye jino. Jino ni uongo mzuri, halionekani na kila mtu analo. Lakini nalo likaanza kuchakaa, maana asubuhi jino linauma na mchana linatafuna karoti.

Ukweli ulikuwa mfupi. Alikwenda kliniki kwa ajili ya kikohozi, wakampima damu, nesi akamwambia sukari imepanda. Haijafika pabaya, lakini njia ndiyo hiyohiyo ya pabaya. Apunguze wanga, aache sukari na mafuta, ajaze sahani kwa mboga. Sentimita hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Nyumbani kwake aliishi na mama yake mzazi, ambaye sukari ilishamnyang'anya kidole kimoja cha mguu.

Kwa nini asiwaambie wenzake? Muulize Mzee wa Pasi. Mwaka uliopita mgongo ulimkaza kidogo, akafanya kosa la kusema. Mama Pacha akampokonya pasi mkononi, akamkalisha kwenye kiti chenye mto, akampa kazi ya kuchomoa nyuzi. Mzee usiinuke. Mzee pole. Mzee, hebu mpisheni. Mgongo ulipona mapema tu, akili ndiyo iliyotaka kuugua. Sentimita aliyaona yale akaapa. Akijulikana mgonjwa, mkasi utashushwa msumarini kwa huruma, atakalishwa kwenye ule mto, na meza yake itapewa mtu mwingine. Angeweza kuishi bila sukari. Bila meza ile hapana.

Basi akanyamaza, na kunyamaza kukamponza. Siku moja Mama Pacha alimwekea sahani imejaa pomoni, akasimama juu yake na upawa mkononi.

"Leo utakula. Au uniambie mbele ya hawa, chakula changu kina nini?"

Sentimita aliinua uso akaona mwenzake hatanii tena, ameumia. Miaka yote ile wamekula chumvi pamoja, leo anarudishiwa sahani kama hotelini. Akala. Akala yote, akashushia na chai ile ya zamani. Mama Pacha akafurahi siku nzima, akaimba hata nyimbo asizozijua maneno.

Alasiri kichwa kikawa kizito na kiu ikamshika, na Sentimita akakata koti la mteja likapata mikono miwili, yote ya kushoto. Yeye, Sentimita. Hata mwanafunzi wa wiki moja hafanyi hivyo. Kwa bahati kitambaa kilibaki, akakata mkono mwingine kabla hawajaona. Zile mbinu za kuilinda meza ndizo zilizokuwa zinamtoa mezani.

Jioni akamsimulia mama yake. Bibi yule alikuwa amenyoosha mguu kwenye kigoda, anaupepea.

"Mwanangu, wewe unaogopa kuitwa mgonjwa kuliko unavyoogopa ugonjwa," alisema. "Mimi nilikuwa hivyohivyo. Sasa vidole vimepungua, lakini muuza viatu hanipunguzii bei."

Sentimita akacheka, kisha akalia kidogo, kisha akalala. Kesho yake hakupata ujasiri wa kusema. Alipata ujanja. Ikifika saa ya chakula aliaga, "Naenda kula kwa mama," akatoka mlango wa mbele, akazunguka uani, akaingia kimyakimya kwenye kichumba cha kujaribia nguo. Huko, nyuma ya pazia, kati ya kioo na vibao vya kutundikia nguo, mwanamke mtu mzima akala chakula chake cha bakuli kwa kujificha kama mtoto aliyeiba sukari, na yeye alikuwa anaikimbia hiyo sukari.

Siku ya tatu ya kujificha alikuwa ametia tango mdomoni. Tango, kama unavyojua, halina siri. Akawa analing'ata kidogo kidogo, akisubiri cherehani za wenzake, waliokwisha kula, zipige kelele ndipo atafune. Mara cherehani zikanyamaza, na sauti ya Mama Pacha ikaja wazi upande wa pili wa pazia.

"Mimi nimechoka naye, wifi yangu. Anakula vibaya."

Sentimita akaganda na tango shavuni.

"Siku hizi anachagua," alisema Wifi. "Ukimpa kizito hataki. Anataka vilaini tu."

"Na mafuta je? Mafuta ndiyo hataki kabisa. Juzi nimemtilia, kayatema yote."

"Wanasema ni meno."

"Meno, meno, kila siku meno. Hayo meno mimi nimeshaacha kuyaamini. Anatuaibisha mbele za wateja. Nimevumilia kwa sababu tumetoka naye mbali, lakini mwisho wa mwezi huu aondoke, atafutwe mwingine."

Kwanza akataka kutoka kwa mlango wa uani, aende moja kwa moja nyumbani, mkasi wataupeleka wenyewe. Halafu akajiona kwenye kioo. Alimwona mtu amekumbatia bakuli, shavu moja limevimba, amebanwa ukutani kama koti lisilo na mwenyewe. Hasira ikampanda kutoka unyayoni. Akalitafuna lile tango kwa sauti yake yote, akalimeza, akafungua pazia.

Wote watatu waligeuka. Mama Pacha alikuwa ameinama dirishani, bisibisi mkononi.

"Naondoka, msisubiri mwisho wa mwezi," alisema Sentimita. "Lakini mtanisikiliza kwanza. Ndiyo, nakula vibaya. Ndiyo, vizito sitaki na mafuta sitaki, wala sina jino bovu hata moja, niliwadanganya. Nina sukari. Nimepimwa. Nikiwafurahisha nyinyi kwa sahani mbili, nitakwenda kukatwa kama alivyokatwa mama yangu, nami nimezoea kukata, sijazoea kukatwa. Chakula chako hakina kitu, Mama Pacha. Ni kitamu mpaka naota. Ningesema mapema, ila wewe ungeniweka kwenye mto kama ulivyomweka Mzee. Na mimi mkasi ule nikiukosa, ni bora huo ugonjwa. Haya, nimemaliza. Tafuteni huyo mwingine."

Wifi alikuwa ameshika mdomo. Mama Pacha alimtazama Sentimita, akatazama bakuli, akatazama bisibisi yake.

"Mwingine tutatafuta," alisema taratibu. "Lakini wewe tunakutafutia mwingine wa nini? Tulikuwa tunamsema Bi Mkubwa."

Sentimita akatazama dirishani. Bi Mkubwa alikuwa amelazwa ubavu, tumbo wazi, yale meno yake madogo ya chuma yanayovuta kitambaa yamesagika hayana ncha, na chini yake dimbwi la mafuta limeenea mezani. Kwenye mguu wake lilikuwa limekwama pande la jinzi, limetafunwa upande mmoja.

Aliyeanza ni Mzee wa Pasi. Alicheka bila sauti, mabega tu, mpaka akaizima pasi asije akaunguza shati la watu. Wifi akakaa chini sakafuni. "Kayatema yote," alijaribu kusema, akashindwa kumaliza. Sentimita mwenyewe alitaka kukaza uso, lakini uso haukukubali, akacheka mpaka bakuli likamponyoka na vipande vya tango vikatawanyika kati ya nyuzi na vifungo.

Mama Pacha peke yake ndiye aliyecheka kidogo akaacha. Akajifuta macho kwa ncha ya tepu ya kupimia.

"Mimi nilijua umenichoka," alisema. "Nilikuwa nalala nawaza, nimemkosea nini huyu. Nikaona nikupakulie zaidi, labda utasamehe."

"Hujanikosea, dada."

"Na yule Mzee, nilimtesa kwa ule mto?"

Mzee wa Pasi alikohoa. "Mto ulikuwa mzuri," alisema. "Ila nilikuwa natamani sana kusimama."

Mama Pacha akatikisa kichwa, akarudi kwa Bi Mkubwa, na mchana ule hakusema tena. Sentimita akakata suruali, mguu wa kulia na wa kushoto, huku akimchungulia. Kimya cha mtu msemaji kinatisha. Aliona wazi kabisa kesho yake ilivyo: mto, kiti, nyuzi za kuchomoa, pole asubuhi na pole jioni.

Kesho yake saa ya chakula hakuaga. Alikaa mezani na wenzake. Chakula kikaja: wali, maharage yasiyoelea mafuta, na sufuria ya mboga kubwa kuliko sufuria ya wali. Wifi alifungua mdomo aseme jambo kuhusu majani na mbuzi, Mama Pacha akamkanyaga mguu chini ya meza.

Sahani ya Sentimita ikawekwa mbele yake, tupu. Mama Pacha akainua upawa, akachota wali, mkono ukasimama hewani. Ukateremka, ukapanda tena. Hakujua aweke kiasi gani. Akaurudisha wali sufuriani, akaugeuza upawa, akamnyooshea mwenzake upande wa mpini.

"Mkataji ni wewe," alisema. "Kata."

Sentimita aliutazama upawa ule ambao hata pacha hawakuwahi kuugusa. Akaupokea. Akachota wali kidogo, akaongeza maharage, akajaza mboga nusu sahani kwa macho yaleyale yanayopima bega la mpita njia. Mama Pacha aliufuatilia ule wali kidogo hadi sahanini. Midomo ilimcheza, shingo ikamvimba kwa neno lililotaka kutoka. Akalimeza.

"Mkimaliza kula," alisema, akigeukia dirishani, "mmoja wenu amtilie Bi Mkubwa mafuta. Fundi anamletea meno mapya kesho. Haondoki mtu hapa."