Wiki Mbili Alizoambiwa Klementina

Klementina alipomaliza stashahada ya maabara, baba yake alikuwa bado hai, naye alichinja mbuzi. Majirani pale kijijini Msanzi walikula, wakamwita daktari, na yeye kwa furaha hakujisumbua kuwasahihisha. Hiyo ilikuwa miaka sita iliyopita. Tangu siku ile alijitolea miaka miwili katika zahanati ya kijiji, akazika baba, akaitwa kwenye usaili mara saba, na mara zote saba akarudi na kauli moja: tutawasiliana nawe.

Sasa alikuwa na miaka thelathini na miwili, amepanga chumba kimoja mjini, mtaa wa Milanzi, na riziki yake ilitoka kwenye steshenari ya Zephania, mzee mmoja mstaafu aliyekuwa na kompyuta mbili na mashine ya fotokopi inayohema kama mgonjwa wa pumu. Klementina alichapa, alitoa nakala, na aliwajazia maombi ya ajira mtandaoni wale wasiojua kompyuta. Kwa siku aliweza kuandika barua tano au sita za kuomba kazi za watu wengine. "Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, ninayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa." Aliyaandika maneno hayo mara nyingi mpaka yakamkinaisha.

Usaili wa nane ulikuja katikati ya Juni. Hospitali moja ya misheni nje kidogo ya mji ilitaka mtu mmoja wa maabara. Mmoja tu. Waliitwa kumi na mmoja.

Asubuhi ile upepo wa Ufipa ulikuwa unapenya mpaka kwenye mifupa. Walikaa kwenye benchi refu nje ya jengo la utawala, kila mtu na bahasha yake ya vyeti mapajani, sweta juu ya nguo za kuonekana nadhifu. Pembeni ya Klementina alikaa mwanamume wa makamo, amepiga suti ya kijivu iliyokwisha kwenye viwiko. Alijitambulisha kwa jina la Cleophas.

"Huu ni usaili wako wa ngapi?" akamuuliza.

"Wa nane, kaka."

"Mimi niliacha kuhesabu. Nilikuwa na kazi Mpanda miaka minane, mradi ukafungwa. Nina watoto wanne." Akatazama mikono yake. "Ukizoea kazi halafu ukaikosa, hata kusalimia watu unaona taabu."

Klementina alimkatia nusu ya andazi alilofunga kwenye mfuko wa nailoni, wakala.

Usaili ulikuwa wa sehemu mbili. Kwanza vitendo. Kila mmoja aliingia maabara peke yake, akakuta darubini, kioo chenye damu iliyopakwa rangi, karatasi na kalamu. Kijana mwenye koti jeupe alimwambia Klementina, "Soma hiki kioo, andika majibu. Una dakika kumi," kisha akawa anatazama saa yake.

Klementina aliweka tone la mafuta, akainama. Mkono wake ulitulia wenyewe. Miaka yote ile nje ya maabara haikuwa imeufanya usahau. Alitafuta vimelea vya malaria, hakuviona. Akasogeza kioo, akatafuta tena. Alifundishwa kwamba usiseme hakuna mpaka umepitia sehemu mia moja za kioo, basi akawa anahesabu kimoyomoyo. Akaanza kusikia jasho mgongoni ingawa chumba kilikuwa baridi. Kwa nini wampe mtu kioo kisicho na kitu? Lazima vimo. Lazima ni yeye asiyeviona. Alifika sehemu ya themanini na tatu, yule kijana akasema muda umekwisha.

Angeweza kuandika kwamba ameona vichache. Wengine wangefanya hivyo. Aliandika: "Sikuona vimelea. Nimepitia sehemu themanini na tatu tu, muda umeisha." Akaweka kalamu chini akijiona mjinga.

Kisha akaingia kwenye jopo. Walikuwa watatu, na kiongozi wao alikuwa mtawa, Sista Epifania, mwanamke wa miaka sitini hivi mwenye miwani mizito.

"Tumsifu Yesu Kristo," Klementina akasalimu.

"Milele amina. Kaa, binti."

Walimuuliza mambo ya kazi, akajibu vizuri. Halafu yule bwana wa kulia akapekua wasifu wake, akauliza lile swali alilokuwa akilichukia kuliko yote: "Umemaliza chuo miaka sita iliyopita. Ukiacha ile miaka miwili ya kujitolea, ulikuwa wapi muda wote huo?"

Katika saili saba zilizopita alikuwa na jibu alilolikariri, la kujiendeleza na kutafuta uzoefu. Siku hiyo aliliacha. "Nilikuwa natafuta kazi, mheshimiwa," alisema. "Hata leo bado natafuta."

Hakuna aliyecheka. Sista aliandika kitu. "Asante. Tutawasiliana nanyi ndani ya wiki mbili."

Wiki mbili hizo Klementina aliishi na simu mkononi. Aliingia nayo bafuni. Kanisani hakuizima, akaiweka mtetemo ndani ya kitenge, na katikati ya mahubiri ikatetemeka. Alitoka nje mbio, akakuta mtandao unamtangazia kifurushi. Siku nyingine ilimpigia namba asiyoijua, akapokea mbio, kumbe ni mtu wa Muze anamtafuta mtu aitwaye Bertha, anauliza mzigo wake wa mchele umefika au la. "Mimi si Bertha," alisema, na yule mtu akabisha kama vile Bertha anamficha.

Kilichomla zaidi si simu. Ni kile kioo. Akichapa barua za watu alikiona. Akipika ugali alikiona. Pengine vimelea vilikuwa kwenye zile sehemu kumi na saba alizoziacha. Pengine vilikuwa mbele ya macho yake na macho yameshaharibiwa na kompyuta za Zephania. Ikiwa hata hilo hajui tena, basi yeye ni nani?

Mama yake, Mama Adela, alipiga kila Jumapili kutoka Msanzi. Walizungumza Kifipa, na kwa wiki tatu za kwanza swali lilikuwa moja: wamepiga? Wiki ya nne mama hakuuliza. Alisimulia habari za mavuno ya ulezi, za jirani aliyevunjika mguu, akaaga. Klementina alishusha simu akagundua kwamba kutokuulizwa kunauma kuliko kuulizwa.

Mwezi Julai ukapita. Agosti ikaingia na vumbi lake.

Siku moja mchana, Klementina akiwa peke yake dukani, aliingia mwanamume mwenye suti ya kijivu. Alikuwa Cleophas. Walitambuana papo hapo, na Klementina akaona uso wa yule bwana ukibadilika, kama mtu aliyefuma jambo asilopaswa kuliona.

"Kumbe uko hapa, dada."

"Nipo, kaka. Karibu. Nikusaidie nini?"

Alisita. Kisha akatoa bahasha. "Nakala tatu tatu. Vyeti, leseni, cheti cha kuzaliwa." Akameza mate. "Ni kwa ajili ya mkataba."

Hakuhitaji kusema mkataba wa wapi. Klementina alipokea zile karatasi, akaziweka kwenye mashine moja moja. Mashine ikahema, mwanga ukapita chini ya kifuniko, nakala zikatoka zikiwa za moto. Alizipanga vizuri, pembe kwa pembe, akazibana. Alitegemea angelia, lakini alichosikia ni uchovu tu, uchovu wa mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani umbali mrefu akaambiwa bado.

"Kaka, nikuulize. Kile kioo ulisemaje?"

"Nilisema hakina kitu."

"Na kweli hakikuwa na kitu?"

"Hakikuwa na kitu. Ulikuwa mtego. Sista mwenyewe aliniambia siku ya kuripoti. Wengi walisema wameona." Akamtazama. "Kwani wewe ulisemaje?"

"Nilisema hivyohivyo."

"Basi wewe ni fundi," Cleophas alisema polepole. "Sikuomba wakunyime, dada. Naomba uelewe."

"Naelewa, kaka. Hongera. Wasalimie watoto."

Alipotoka, Klementina alikaa kwenye kiti. Mambo mawili yalikuwa yamemfikia kwa mpigo na hakujua alipokee lipi kwanza: kazi imekwenda, na macho yake hayana kasoro. Zephania aliporudi alimkuta vilevile.

"Shikamoo," Klementina alisema bila kuinuka.

"Marahaba. Unaumwa?"

"Siumwi, mzee. Naomba kesho nichelewe. Kuna mahali nataka kwenda kuuliza."

Asubuhi iliyofuata alikwenda hospitalini kwa miguu. Hakuvaa nguo za usaili. Sista Epifania alimpokea ofisini, akamtafuta kwenye faili kabla ya kumkumbuka.

"Ulipaswa kupigiwa simu," Sista alisema. "Tulisema wiki mbili, hatukutimiza. Nisamehe kwa hilo."

"Sijaja kulaumu, Sista. Nimekuja kujua nilipungukiwa wapi. Sijawahi kuambiwa hata mara moja."

Yule mtawa alivua miwani. "Majibu yako yalikuwa sahihi. Kilichotugusa zaidi ni vile ulivyoandika umepitia sehemu ngapi. Lakini hukumaliza. Mwenzako alimaliza akabakiwa na dakika mbili. Hapa asubuhi moja tunapata wagonjwa sitini wa kupima. Jopo likaona wewe ni mwaminifu, lakini mkono umepoa."

Klementina aliitikia kwa kichwa. Ilikuwa haki, na haki nayo ilimchosha. Alisimama kuaga.

"Subiri," Sista alisema. "Tuna zahanati Muze, kule bondeni. Mpimaji wetu anakwenda likizo ya uzazi. Ni miezi minne tu, na sikudanganyi kwamba itazidi hapo. Joto lake unalijua, na malaria ya kule haina mchezo. Ungekwenda?"

Zamani angeruka juu. Sasa alifikiria chumba chake cha Milanzi, kiti chake dukani ambacho mtu mwingine angekikalia kabla ya wiki kwisha, na miezi minne inavyoisha upesi. "Naomba mpaka Jumatatu, Sista."

Jumamosi alikwenda Msanzi. Alimkuta Mama Adela uani anapura ulezi kwa fimbo, makapi yamemjaa kwenye nyusi. Klementina alimwamkia, akavua viatu, akachukua fimbo ya pili. Walipiga kwa zamu muda mrefu kabla hajasema.

"Nimepata kazi, mama."

Fimbo ya mama ilisimama hewani. "Ya kudumu?"

"Ya miezi minne. Muze."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo nitaanza tena kutafuta."

Mama Adela alijifuta uso kwa ncha ya khanga, akamtazama binti yake tangu kichwani mpaka kwenye miguu iliyojaa vumbi. Hakusema hongera wala pole.

"Muze kuna mbu," alisema mwishowe. "Nitakupa chandarua changu, mimi huku baridi inanikinga nao."

Wakaendelea kupiga ulezi.