Chupa ya Zamzam na Maji ya Mlimani

Ninyi vijana wa mtaa wetu wa Buyenzi, na ninyi wa kule Kinindo mnaopita hapa kwa gari mmefunga vioo, inueni shingo kidogo kutoka kwenye simu zenu mnisikilize. Mimi shule yangu ilikuwa madrasa na jiko. Kifaransa changu ni cha kununulia sukari tu. Lakini macho ninayo, na niliyoyaona mwaka huu kabla ya mfungo yamenishtua hivi kwamba hata leo, nikikaa peke yangu nachambua mchele, mkono unasimama. Wanasema kuishi kwingi ni kuona mengi. Hawakusema kwamba mengine utayaona umesimama katikati ya mto.

Nakumbuka siku moja nikiwa msichana, umri wa kubebeshwa sabuni. Desturi yetu hapa, Ramadhani ikikaribia, wanawake wa mtaa tunachukua mikeka na mazulia ya msikiti na kushuka nayo hadi mto Ntahangwa kuyafua. Maji ya beseni hatukuyataka. Tulisema uchafu wa mwaka mzima unataka maji yenye safari. Mkubwa wetu ndiye anayetangulia kuingia mtoni, na hakuna mdogo anayetoka kabla yake. Enzi hizo mkubwa alikuwa bibi yangu mzaa mama, Bi Zuhura, mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kupasua kuni.

Siku hiyo jua lilikuwa kali. Mikeka ilikuwa bado na povu, mara Bi Zuhura akanyanyuka akasema tutoke, mvua inakuja. Mimi na mdomo wangu nikauliza, mvua yenyewe iko wapi? Akanishika sikio, akalizungusha mpaka uso wangu ukaelekea milimani. Kule juu kulikuwa kweusi kama chungu.

"Mto ni mtoto wa mlima," akaniambia. "Ukitaka kujua kama mutoto atalia, usimwangalie yeye. Muangalie mamake, kama amekunja uso."

Hatukuwa tumefika hata nyumbani, tukausikia mto ukishuka nyuma yetu. Usiku nililala upande mmoja kwa sababu ya sikio. Na maneno yale, mwanangu, nikayaweka mahali kama mtu anavyoweka sindano, kisha nikasahau niliyaweka wapi.

Sasa njooni mwaka huu. Mimi mwenyewe ndiye mkubwa wa mikeka. Nina mjukuu, Zaina, binti wa mwanangu Rajabu ambaye ni fundi wa magari hapa hapa Buyenzi. Asubuhi moja naingia chumbani kwangu, naangalia juu ya kabati, chupa yangu ya zamzam haipo. Marehemu mume wangu aliileta kutoka Hija. Maji yaliisha zamani, lakini chupa niliiweka kwa baraka yake, na nikiumwa kichwa naishika. Natoka uani, naiona: imekatwa shingo, imesimama juu ya tofali, na ile shingo imegeuzwa mdomo chini, imetumbukizwa ndani.

"Zaina!"

"Abee, bibi."

"Nani amechinja chupa ya babu yako?"

"Ni mi, bibi. Napima mvua."

"Mvua inapimwa? We umeona mvua inauzwa kwa kilo?"

"Apana, bibi. Ni somo, liko kwenye telefone. Ile ya juu inakusanya, kama kile kitu baba anamiminia oili. Hii ya chini inaweka. Asubuhi naangalia maji yamefika mstari gani."

"Na chupa zote za Buyenzi hukuziona?"

"Hii ndiyo imenyooka, bibi. Zile zingine ziko na kiuno."

Jirani yangu Mama Sefu, muuza sambusa, akacheka nyuma ya ukuta mpaka akakohoa. "Hadija, muache mutoto! Mvua ikiingia humo inakuwa na thawabu!"

Sikucheka. Nilikaa chini. Zaina akaja na simu ya baba yake kunibembeleza. Akanieleza kwamba kuna watu wa elimu, kazi yao ni kuchunguza ardhi, mvua, mwezi na nyota, na wameweka mafunzo yao kwenye intaneti kwa ajili ya watoto, na picha, na kazi za kufanya kwa mikono. Mwalimu wao ndiye aliyewaonyesha njia ya kufika. Akanionyesha dunia yenyewe imepigwa picha kutoka juu, mviringo, ya buluu, imening'inia bila kamba. Nikasema astaghfirullah. Nikamuuliza ziwa letu Tanganyika liko wapi. Akavuta picha, akavuta tena, akaniwekea kidole kwenye alama nyembamba kama ufa wa sahani. Ziwa lile linalotutisha kila mwaka likipanda, ndilo hilo? Chai yangu ilipoa bila kunywewa.

Jioni nilimshtaki kwa baba yake. Rajabu akaniambia, "Mama, chupa imeshakatika. Muache basi apime." Nikamwacha, lakini kwa sababu nyingine. Mama yake Zaina, mkwe wangu Aisha, kwao ni huko juu mlimani, watu wa kanisa. Kaka yake ana binti anaitwa Bella, na Bella naye alikata chupa yake. Wale watoto kila asubuhi wakawa wanaulizana kwa simu: kwenu imefika wapi, kwetu imefika wapi. Nikaona angalau wanaulizana hali. Siku hizi ndugu hata hawaulizani hali.

Ikafika siku ya mikeka. Tukashuka Ntahangwa, mimi mbele. Na hapa nieleze, maana wengi wenu mto mnaupita juu ya daraja tu. Wakati wa Bi Zuhura ukisimama ndani ya maji unaona milima yote. Leo mto umejichimba, umekula kingo zake, umekula na nyumba za watu. Ukiwa chini kule ni kama umeingia shimoni. Juu yako kuna kipande cha anga, basi. Na kipande kile siku hiyo kilikuwa cheupe, jua linachoma, maji yamefika kwenye mashavu ya miguu tu. Aisha na mimi tulikuwa tumeshika zulia kubwa, lile la mbele karibu na kibla. Mama Sefu anakanyaga mkeka huku akitusimulia kuhusu mwanamume aliyemkopa sambusa akakimbilia ng'ambo, Uvira.

Nikasikia, "Bibi! Mama! Tokeni!"

Zaina yuko juu ya ukingo, bila viatu, simu mkononi.

"Tokeni! Kwa kina Bella mvua imepiga tangu asubuhi! Chupa yake imejaa, imemwagika! Maji yanakuja huku!"

"Na chupa yako imefika wapi?" nikamuuliza.

"Yangu kavu, bibi. Ndiyo vile! Inanyesha kule, inakuja huku!"

Wanawake wakacheka. Nami, mtu mzima na mvi zangu, nikamtupia methali kama jiwe. "Dalili ya mvua ni mawingu. Nionyeshe wingu, kisha uniamrishe."

Aisha akaacha kusugua. Nilimwona akimwangalia binti yake, kisha akaniangalia mimi. Mama anamjua mtoto wake anapodanganya na anaposema kweli. Lakini mkubwa hajatoka, na mkwe mwenye adabu hatoki kabla ya mama mkwe. Akainamisha kichwa, akarudi kwenye zulia. Adabu ile niliyomfundisha mwenyewe ilitaka kumuua.

Zaina akaona mama yake hatoki. Akateremka ule ukingo kwa makalio, akaingia majini, akaja akakishika kitenge cha mama yake kwa mikono miwili.

"Kama hamtoki, na mi sitoki."

Nikanyanyua mkono nimpige kofi. Wallahi, mkono ulikuwa umeshafika juu. Na mkono ukiwa juu, macho yakaufuata, nikatafuta milima ili niseme, ona, kweupe. Sikuiona. Nikageuka huku, nikageuka kule. Kingo tu, na anga kama utepe. Mama wa mto simwoni. Sikio langu likawaka moto, sikio lile lile, kama Bi Zuhura amelishika upya.

"Tokeni!" nikapiga kelele. "Wote! Acheni zulia!"

"Zulia la msikiti?" Mama Sefu akauliza.

"Mungu hakosi pa kusujudiwa! Toka, mwanamke!"

Tulipanda tukivutana kwa vitenge. Mama Sefu ni mzito, alisukumwa na watatu, bado anauliza kuhusu mkeka wake. Alipokuwa anafuta magoti, ikaja sauti. Nilidhani malori. Kisha harufu ya udongo mbichi. Kisha mto wenyewe, mwekundu, umebeba migomba mizima, mawe yanagongana chini kama meno. Pale tulipokuwa tumesimama palitoweka. Zulia la kibla niliona kona yake mara moja, halafu basi. Na jua, mwanangu, jua lilikuwa bado linawaka juu ya vichwa vyetu. Hakuna tone lililotudondokea.

Hakuna aliyecheka tena. Mama Sefu akakaa chini, akasema polepole, "Hadija, maji yangenikuta katikati ya hadithi yangu."

Nyumbani nilimwambia Zaina anionyeshe huko alikoyapata haya. Akafungua. Palikuwa na mchoro wa watoto: mlima, wingu jeusi juu yake, mto unashuka, na chini kabisa watu wadogo wamesimama ndani ya mto, jua linawacheka. Nikamwambia anisomee kilichoandikwa. Akasoma Kifaransa, akanigeuzia: mvua ikinyesha juu mlimani, mto wa chini unaweza kujaa hata kama kwenu kuna jua, usiangalie anga lako peke yake.

Nikamuuliza, "Nani aliwapa maneno ya bibi yangu?"

"Apana, bibi, hawa ni watu wa sayansi. Wako mbali."

Wako mbali, na Bi Zuhura yuko makaburini, na wamesema neno moja. Na mimi niliyelisikia kwa sikio langu hili, likiwa limeshikwa, ndiye niliyekuwa wa mwisho kuliamini.

Basi shikeni haya, wanangu. Mlizoea kusikia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli, na mimi bado nawapigia kelele kwa neno hilo. Lakini mkuu asiyesikia la mdogo anavunja miguu ya nyumba nzima, maana wengine wamemfuata. Mdogo akija na neno, usimuulize umri. Muulize, umelipata wapi, na umelipima kwa kitu gani? Maana simu hiyo hiyo juzi ililetewa habari kwamba jua litazimika, nikamuuliza Zaina nani kaandika, akatafuta akasema haina mwenyewe. Neno lisilo na mwenyewe usilikaribishe chai. Lile la chupa lilikuwa na wenyewe, na mtoto alilipima kwa mkono wake kila asubuhi. Na ninyi wenye simu, someni hayo ya ardhi na mvua na nyota, kisha mje kutuuliza na sisi wazee. Huenda tunayo, tumesahau tulipoyaweka.

Na adabu muishike. Lakini adabu isiyojua kusema "mama, tutoke" sasa naiogopa.

Mungu awape macho ya kuona mbali kuliko paa la nyumba zenu. Awape watoto wenye kelele za haki. Maji yawapitie pembeni.

Nyumbani kwangu chupa ya zamzam bado iko uani juu ya tofali lake, na hakuna wa kuigusa ila Zaina. Nimewaambia wote, Rajabu, Aisha, hata Mama Sefu ambaye si wa nyumba yangu lakini anakula kwangu: mikeka ya msikiti tutaifua kwa maji ya bomba, uani, beseni kwa beseni. Na awe mkubwa, awe mdogo, asishuke mtu Ntahangwa kwa lolote kabla hajamwambia Zaina amuulize Bella chupa ya mlimani inasemaje.