Sabuni Isiyoombwa na Mtu

Mimi ni muuguzi wa chumba cha kuzalishia, katika kituo kimoja cha afya hapa Bunia. Kifaransa nilikipata shuleni, Kibira, ambacho Bambuti wa hapa nao wanakiongea, nilikinyonya kwa mama. Ndiyo maana wageni wa shirika moja la misaada walipoitisha mkutano, wasikie Bambuti, watu wa msituni, wenyewe wanataka kutibiwa namna gani, niliitwa kutafsiri.

Akasimama mama mmoja wa makamo. Aliongea Kibira polepole, kunipa nafasi.

"Tukiingia kwenu, munafungua madirisha, eti tunanuka. Binti yangu alikuja na uchungu, muuguzi akamwambia akaoge kwanza. Alizalia nje, karibu na bomba. Mtoto hakulia."

Muuguzi huyo nilikuwa mimi. Alijua, alinikazia macho tangu alipoanza. Lakini hakunitaja.

Wageni walingoja, kalamu mkononi. Nikawaambia kwa Kifaransa, "Anasema wanakosa maji na sabuni."

Wakaandika. Mmoja akanishukuru.

Miezi michache baadaye gari lilipeleka makatoni ya sabuni kwenye kambi yao nje ya mji, nami nikatumwa kugawa. Mama yule alipokea kipande chake, akakigeuzageuza. Safari hii alisema Kiswahili, wote wasikie.

"Hii sabuni, ni nani aliomba?"

"Ni miye, mama."

"Siye tulisema sabuni?"

"Hapana."

"Na mutoto, ulisema nini juu yake?"

"Sikusema kitu."

Hakupiga kelele. Alirudisha sabuni katonini. Waliokuwa nyuma yake wakarudisha zao, mmoja mmoja, mikono yao ikipita mbele ya magoti yangu.

Kesho yake nilikwenda kwa mkubwa wa wale wageni nikamweleza.

"Mbona hukusema siku ile?"

"Kwa sababu ni mimi niliyemfukuza binti yake akaoge."

Walirudi kambini na mtafsiri mwingine. Mimi niliomba kwenda nao. Mama akasema yote upya. Alipofika kwa muuguzi alinitazama, kisha akaendelea, bila kunitaja vilevile. Nilitamani anitaje, yaishe. Ikabidi nisimame mwenyewe.

"Ni mimi," nilisema kwa Kibira, halafu kwa Kifaransa.

Binti alikuwa ameketi kando ya mama yake. Nilijua ni yeye, na sikuweza kumtazama usoni.